Mtoto Anayekohoa Usiku: Tuufahamu Mzio Kabla ya Kukimbilia Kimeo



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa upande wa Igombe, aliyetufuata baada ya Misa akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 6. Mchana mtoto huyu hucheza na wenzake kama kawaida. Ikifika saa nane za usiku huanza kukohoa, huketi kitandani akihema, na kifua kinalia kama filimbi. Kukipambazuka anakuwa mzima, anadai uji na kwenda shule. Kwa muda wa mwaka mmoja amekwisha kunywa dawa za kikohozi zisizo na idadi, ametibiwa nimonia mara tatu, na amepimwa kifua kikuu akaonekana hana. Sasa bibi yake mzaa baba ameamua kuwa ni kimeo, na fundi wa kukata amekwisha kupatikana. Mtoto alikuwa akatwe Jumamosi inayofuata. Mama akatuuliza: "Nifanyeje, nami sipendi kumvunjia heshima mama mkwe?"

Tulimwomba jambo moja tu la haraka, kwamba Jumamosi hiyo ipite bila wembe. Mengine tuliyomweleza tunayaandika hapa kwa ajili ya familia zote, maana swali lake si lake peke yake.

MZIO NI NINI?

Neno hili, ambalo wengi tunalitamka aleji, lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa mji wa Vienna, nchini Austria, aliyeitwa Clemens von Pirquet. Aliona kwamba mwili wa mtu, ukishakutana na kitu fulani mara ya kwanza, unaweza kubadilika na kukipokea kwa ukali mara ya pili.

Tuseme hivi. Kila mwili una walinzi wake wa kupambana na vijidudu vya magonjwa. Walinzi hao ni kama sungusungu wa kijiji: kazi yao ni njema na bila wao tusingeishi. Lakini siku moja sungusungu wanampigia mwano mgeni aliyekuja kuposa, wakidhani ni mwizi wa ng'ombe. Kijiji kizima kinatoka na marungu, vurugu inakuwa kubwa, na mgeni hakuwa na kosa lolote. Ndivyo ulivyo mzio. Vumbi, yai, karanga au manyoya ya paka si sumu, lakini mwili wa mtoto fulani umekosea kuvitambua, unavipigia mwano. Katika vurugu hiyo mwili humwaga kemikali iitwayo histamini na nyinginezo, na hizo ndizo zinazoleta kuwashwa, kuvimba, makamasi na kubanwa kwa kifua.

Dalili hutegemea mahali vurugu inapotokea. Ikiwa ni puani, mtoto hupiga chafya mfululizo, hutokwa na makamasi mepesi na kujisugua pua na macho daima. Ikiwa ni kwenye ngozi, hutoka mabaka yaliyovimba yanayowasha na kupotea baada ya saa chache, au hupata ule ukavu na mikwaruzo ya mikunjo ya viwiko na magoti tunaouita pumu ya ngozi. Ikiwa ni tumboni, hutapika na kuharisha. Na ikiwa ni kwenye mirija ya hewa ndani ya mapafu, mirija hiyo huvimba na kusinyaa, hewa inapita kwa shida, na ndipo tunaposikia ile filimbi. Hiyo ndiyo pumu. Si kila pumu hutokana na mzio, lakini kwa watoto mara nyingi sana mambo haya mawili huenda pamoja.

Mwelekeo wa mzio hurithiwa. Tulipomuuliza mama huyu kama kuna mwenye pumu katika ukoo, alifikiri kidogo akasema baba wa mtoto alikuwa na "kifua" utotoni. Kumbe! Hauambukizwi kwa kijiko wala kwa kulala kitanda kimoja, na wala hautokani na jicho la jirani.

Wengine watauliza kwa nini iwe usiku. Usiku mirija ya hewa ya kila mtu husinyaa kidogo. Sisi wengine hatuoni tofauti, lakini mwenye pumu anaiona. Tena usiku ndipo mtoto anapolaza pua yake kwa saa nyingi juu ya godoro na mto wenye vumbi.

KIMEO HAKINA HATIA

Kimeo, au kilimi kama wengine wanavyokiita, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kila mtu anacho. Mtoto anayelia sana au mwenye mafua anaweza kuwa na kimeo kilichovimba kidogo, na fundi akimfungua mdomo husema, "Si mnaona?" Lakini mirija inayolia filimbi iko ndani ya kifua, mahali ambapo wembe wa fundi haufiki. Kukata kimeo ili kutibu pumu ni sawa na kukata kamba ya kengele kwa sababu nyumba inaungua.

Madhara yake tunayajua. Mtoto anaweza kutoka damu hadi akafa. Anaweza kupata pepopunda au usaha kooni. Wembe uliotumika kwa watoto wengine unaweza kumwingizia virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Mbona basi wapo wanaosema, "Wangu alikatwa akapona"? Sababu ni kwamba pumu huja na kuondoka yenyewe. Mtoto aliyebanwa wiki hii anaweza kukaa mwezi mzima bila kubanwa, na fundi anapokea sifa na kuku wake.

Kwa mama mkwe tulimshauri asiende na maneno ya kumwaibisha. Mama mkwe huyo anampenda mjukuu wake, tena ndiye anayeamka naye usiku. Tulisema: nenda naye kwa daktari, asikie kifua kikisikilizwa kwa kipimo, aulize mwenyewe.

Hapa tuweke tahadhari, maana si kila kikohozi ni mzio. Mtoto mwenye homa na anayehema haraka anaweza kuwa na nimonia, na hiyo haingoji. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi pamoja na kukonda au homa za jioni ni lazima kipimwe kifua kikuu. Na kwenye ngozi pia: muwasho wa usiku unaoshika nyumba nzima, hasa katikati ya vidole, kwa kawaida ni upele wa kuambukiza na unataka dawa ya kupaka watu wote kwa siku moja. Mtoto anayewashwa mara baada ya kuoga ziwani, hana "aleji ya maji". Huenda ni viluwiluwi vya kichocho vinavyopenya ngozi, naye anahitaji kupimwa.

WADUDU WA ZIWANI

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tuna mgeni wetu wa pekee. Kuanzia Kirumba na Kitangiri hadi Igombe na Kayenze, nani hajaona ile nguzo nyeusi inayosimama juu ya maji kama moshi wa meli? Ni wadudu wadogo wafananao na mbu, mamilioni kwa mamilioni. Hawaumi wala hawaleti malaria. Viluwiluwi vyao huishi majini na kwenye tope la chini ya ziwa, kisha hupanda na kuruka kwa pamoja, zaidi katika siku zinazofuata mwezi mwandamo. Wenzetu wa Ziwa Nyasa huwaita kungu, na wengine huwakusanya na kuwafanyia mikate. Sisi huku tunawafagia tu.

Na katika kuwafagia ndipo penye shida. Wadudu hawa huishi muda mfupi, huvutwa na taa, hufa kwa malundo chini ya madirisha, hukauka na kuwa vumbi laini. Nchini Sudan, kandokando ya mto Naili upande wa Wadi Halfa, watu wengi walikuwa wakibanwa vifua kila majira ya wadudu wa jamii hii yalipofika. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwachunguza wagonjwa hao wakathibitisha kwamba miili yao ilikuwa na mzio wa vumbi la wadudu hao. Kwa hiyo mzazi wa huku anayesema mtoto wake hubanwa wadudu wakija, asichekwe.

Mama wa Igombe tulimpa kazi. Alikuwa na kalenda ya Kanisa ukutani, ile yenye sikukuu za watakatifu. Tukamwambia: kila usiku mtoto akikohoa, weka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu, na pembeni andika neno moja, la kitu kilichotokea siku hiyo: wadudu, vumbi, mafua, baridi, chakula kipya. Afanye hivyo kwa miezi 2.

Alirudi na kalenda yake imekunjwa ndani ya kanga. Misalaba mingi ilikuwa katika siku za giza, zile ambazo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao. Mbalamwezi ilipokuwa kali misalaba ilipungua. Lakini palikuwa na mingine iliyoangukia Jumatatu na Alhamisi bila kujali mwezi. Mama hakujua ni kwa nini. Mtoto ndiye aliyejibu: siku hizo ni zamu yake ya kufagia darasa. Kalenda moja si uchunguzi wa kisayansi, hilo tunakubali. Hata hivyo ilimsaidia daktari kuliko maneno "anakohoa tu kila mara", maana vipimo vya mzio vya ngozi na damu havipatikani kila mahali, na hata vikipatikana bado daktari huuliza habari za nyumbani kwanza.

NYUMBANI NA SHULENI

Siku za wadudu, funga madirisha na milango kabla jua halijazama, na taa ya nje izimwe au iwekwe mbali na chumba cha mtoto. Asubuhi nyunyiza maji ndipo ufagie, na mtoto mwenye pumu asiwe ndiye mwenye ufagio. Usipulize dawa ya kuua wadudu mtoto akiwa ndani. Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma nao humbana. Mwalimu akielezwa kwa upole atampa mtoto zamu ya kufuta ubao kwa kitambaa kibichi au kuchota maji. Darasa zima litafaidika likimwagiwa maji kabla ya kufagiwa.

Godoro, mito na mablanketi yaanikwe juani kila wiki. Huku kwetu Mungu ametujalia mawe makubwa yenye joto, tuyatumie. Mashuka yafuliwe na kupigwa pasi. Ndani ya vumbi la kitanda wamo wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao ni kichochezi kikubwa cha pumu duniani kote. Mende nao wamo katika orodha hiyo, basi mabaki ya ugali yasilale wazi. Kuku wasilale chumba kimoja na mtoto. Chandarua kisiachwe kwa kisingizio cha mzio: kikiwa kipya, kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kukifunga.

Moshi wa kuni na wa sigara unataka maneno ya pekee, kwa kuwa humwumiza kila mtoto, mwenye mzio na asiye nao. Mama akiwa jikoni asimbebe mgongoni mtoto anayekohoa. Baba akivuta, hata nje, anarudi na moshi ndani ya shati.

Kuna mama aliyetuuliza kwa aibu juu ya ubani kanisani. Ndiyo, ubani unaweza kumkohoza mtoto mwenye pumu. Akae karibu na mlango, siyo dhambi wala dharau. Wale watoto wa Utoto Mtakatifu wanaocheza wakati wa maandamano wasiondolewe kwa sababu ya pumu. Akitibiwa vizuri, mtoto mwenye pumu hucheza na kukimbia kama wenzake.

CHAKULA TUSIKIOGOPE OVYO

Vyakula vinavyoleta mzio kwa watoto mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga na samaki. Mzio wa kweli wa chakula hujionyesha mapema, kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa 2: mabaka, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa. Tena hurudi kila chakula hicho kinapoliwa. Mtoto aliyekula yai Jumapili akaharisha Jumatano hana ushahidi dhidi ya yai.

Tunasema hivi kwa sababu tumeona watoto walionyimwa mayai, kisha maziwa, kisha dagaa na karanga, kwa kushuku tu, mpaka wakaanza kuvimba miguu kwa utapiamlo. Dawa imekuwa mbaya kuliko ugonjwa. Mwaka 2015 wataalamu wa London walitangaza matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Waliolishwa karanga mapema, kuanzia kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio wa karanga kwa uchache zaidi, pungufu ya takriban asilimia 80, kuliko walioepushwa nazo hadi miaka 5. Bibi zetu waliotia unga wa karanga kwenye uji wa mtoto hawakuwa wajinga. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha aanze vyakula mbalimbali, kimoja kimoja, karanga zikiwa zimesagwa laini kwa sababu punje nzima humpalia. Mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyewahi kuvimba kwa chakula fulani, aonwe na daktari kwanza.

Dawa za hospitali nazo zaweza kuleta mzio, hasa penisilini na zile za salfa kama septrini na SP. Kuwashwa tu si lazima kuwe mzio. Wengi wetu tuliomeza klorokwini kabla haijaachwa mwaka 2001 tunakumbuka kuwashwa usiku kucha, na ule haukuwa mzio hasa. Lakini ngozi ikianza kubabuka, au vidonda vikitoka mdomoni na macho kuwa mekundu, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Jina la dawa hiyo liandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi ya mtoto.

PAMPU SI HUKUMU YA KIFO

Daktari alipomwandikia mtoto wetu pampu, mama alirudi kwetu analia. Alikuwa ameambiwa na majirani kwamba ukianza pampu huachi hadi kufa, na kwamba inaharibu moyo. Tukafanya hesabu. Kidonge kimoja kidogo cha salbutamoli kina miligramu 2. Mpulizo mmoja wa pampu una miligramu 0.1. Kidonge kimoja basi ni sawa na mipulizo 20, nacho huzunguka mwili mzima kabla ya kufika mapafuni, ndiyo maana mikono ya mtoto hutetemeka. Pampu hupeleka dawa kidogo mahali panapohitajika. Hakuna uraibu ndani yake.

Ziko pampu za aina mbili. Ya kufungua kifua, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya bluu, hutumika wakati wa kubanwa. Ya kuzuia hutumika kila siku, asubuhi na jioni au kama daktari alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima, kwa sababu hutuliza uvimbe polepole. Wengi huiacha wakiona nafuu, na hapo ndipo tatizo hurudi. Baada ya kuivuta mtoto asukutue mdomo na kutema. Mtoto anayehitaji ile ya kufungua zaidi ya mara 2 kwa wiki hajatulia, arudishwe kwa daktari.

Watoto hawawezi kuvuta pampu moja kwa moja mdomoni. Dawa yote huishia kwenye ulimi. Wanahitaji chombo cha katikati, na hiki unaweza kukitengeneza. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi sawa na vyombo vya dukani. Chukua chupa safi ya maji. Kwa waya uliopashwa moto, toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, uingie kwa kubana, na zungushia plasta hewa isivuje. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Tikisa pampu, mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, naye avute na kutoa pumzi polepole mara 5 au 6. Kisha ndipo ubonyeze tena. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo huhitaji kifuniko cha uso, waulize wauguzi.

Mtoto wa Igombe sasa anatumia chupa hiyo, na misalaba kwenye kalenda imepungua. Anayemshikia chupa usiku ni bibi yake, ingawa bado anasema kimeo cha mjukuu wake ni kirefu mno.

WAKATI WA HATARI

Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi au kunyonya kwa kuhema, mwenye mbavu zinazoingia ndani, midomo ya bluu, au anayesinzia ovyo, hana muda wa kungoja asubuhi. Aendelee kupewa pampu njiani. Vivyo hivyo yule ambaye baada ya chakula, dawa au kuumwa na nyuki anavimba uso na ulimi, sauti inakauka, anatapika mfululizo au analegea. Huyu anahitaji sindano ya adrenalini ya paja, upesi. Piritoni haiwezi kumwokoa. Alazwe chali miguu ikiwa juu, na kama anahema kwa shida aketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Kumpakia kati ya watu wawili juu ya pikipiki ni hatari. Afadhali kuomba gari la jirani, hata kama mmegombana. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kwanza, useme wazi kuwa ni mzio. Kutoka hapo watampeleka Sekou Toure au Bugando ikibidi.

Familia za visiwani na za mialo ya mbali ziulize mapema ni zahanati gani ina adrenalini na nani ana mtumbwi wenye injini usiku. Tena ziwe na pampu ya pili nyumbani, kabla ya kwanza haijaisha.